Baba aliacha ugali, usiku akatoka jasho: tuendelee kupunguza wanga au tuache?

"Baba yangu ana miaka 66, anaishi Nyakach na mama. Mwaka juzi aliambiwa ana kisukari. Anameza metformin asubuhi na jioni, na glibenclamide asubuhi. Tulimwachisha ugali mweupe, mama akawa anampikia wa mtama uliochanganywa na mhogo, lakini asubuhi kabla ya kula mashine ilizidi kusoma 13, 14. Binamu yangu akatutumia video ya mtu anayesema mwenye kisukari aache wanga wote. Baba akaacha ugali, uji, viazi, kila kitu, akawa anakula samaki na mboga tu. Siku ya tatu mashine ikasoma 8, tukafurahi. Usiku wa nne akaamka ametota jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Vijiti vya kupimia vilikuwa vimeisha. Mama alikoroga sukari kwenye maji akamnywesha, na baada ya muda mfupi akatulia. Sasa ugali umerudi, na mama hataki kusikia tena habari za video. Mimi nafanya kazi Kisumu, nyumbani naenda wikendi tu. Je, mama yuko sahihi? Na kama baba anaweza kupunguza wanga, tutafanyaje asijione ametengwa kwenye meza yake mwenyewe?"

Dada yangu, poleni sana kwa usiku ule. Kwanza mwambie mama kwamba alifanya jambo sahihi kabisa. Mtu anayetumia dawa za kushusha sukari akianza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, hupewa sukari kwanza, maswali baadaye. Na maji yenye sukari yalikuwa chaguo zuri kuliko chai ya maziwa mengi, kwa sababu mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kufika kwenye damu.

Alichokiona mama ni kweli: baba aliacha ugali, baba akazidiwa. Nisipokubaliana naye ni kwenye sababu. Baba hakuishiwa nguvu kwa kukosa ugali. Chakula chake kilibadilika ghafla, dawa ikabaki ile ile, na hapo ndipo hatari ilipoingia. Mwenye video hakulisema hilo, na natamani kila nyumba ilijue kabla haijagusa sufuria.

Bila namba ya mashine siwezi kuapa kwamba sukari ilishuka. Mwili uliokaa muda mrefu na sukari ya 14 huweza kutetemeka hata kwenye 6 au 7, ambazo ni namba nzuri, kwa vile umezoea kuishi juu. Lakini kusema maneno yasiyoeleweka, kisha kupata nafuu upesi baada ya sukari, kunanifanya niamini ilikuwa chini ya 4 kwelikweli. Nitawajibu nikichukulia hivyo, nanyi mchukulie hivyo pia.

Dawa ninayoitilia shaka ni glibenclamide. Metformin kwa kawaida haimwangushi mtu ikitumiwa peke yake, maana kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage glukosi, yaani sukari, nyingi kwenye damu. Glibenclamide ni tofauti: huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na haiulizi kama umekula au hujakula. Ikimezwa asubuhi inaweza kuendelea kufanya kazi hadi usiku wa manane, hasa kwa mtu mzima ambaye figo zimeanza kuchoka. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenclamide haifai kwa waliopita miaka 60, na badala yake inaweka gliclazide, dawa ya jamii hiyo hiyo. Baba yako ana 66. Hata kama asingegusa mlo wake, dawa hiyo ingestahili kuangaliwa upya.

Kwa hiyo kabla ya habari ya ugali, baba arudi kliniki wiki hii. Asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Beba pakiti za dawa zenyewe, usiandike majina kwa kukumbuka, na mama aende naye kwa kuwa ndiye aliyeona kila kitu. Mweleze daktari mambo mawili: kwamba usiku fulani alitoka jasho na kuchanganyikiwa, na kwamba mnataka kupunguza wanga, hivyo mnaomba dawa zipangwe kulingana na hilo. Omba pia apimwe figo kwa damu na mkojo, pamoja na HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi. Hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nanyi inaweza kuanza, na ikibidi watamwandikia barua kwenda kliniki ya kisukari katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu.

Msimwachishe dawa wenyewe. Na kabla hajaonwa na daktari, msianze tena kukata wanga: ale milo yake kwa wakati, asilale njaa, na sukari iwe karibu na kitanda. Sukari yake ya damu ikishuka chini ya 4, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikibaki chini arudiwe. Ikishapanda, ale kitu. Kwa kuwa glibenclamide hukaa mwilini kwa saa nyingi, sukari inaweza kushuka tena baada ya nafuu ya kwanza. Akizidiwa tena namna ile, apelekwe hospitali usiku huo huo hata kama ameshatulia. Na akizimia au akishindwa kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni, tafuteni gari.

Sasa tuje kwenye ugali wa mtama na mhogo, jambo linalowachanganya watu wengi huku kwetu. Mama alibadilisha unga kwa nia njema, kwa sababu kila mahali tunaambiwa ugali mweusi ndio wa wenye sukari. Ukweli ni kwamba gramu 100 za unga wa mahindi, wa mtama au wa wimbi zina wanga wa gramu 70 hadi 75 hivi, zote zikifuatana kwa karibu sana. Mtama na wimbi zina nyuzinyuzi zaidi ya unga mweupe wa dukani, kwa hiyo sukari hupanda kwa mwendo wa pole kidogo, na hilo ni jema. Lakini mhogo mkavu ukisagwa hupita gramu 80. Ukichanganya mtama na mhogo umerudisha ulichokuwa umepunguza. Kisha kwa sababu ugali huo unaitwa dawa, mzee anakatiwa kipande kikubwa kuliko cha zamani. Mzee akila ugali wa gramu 200 za unga, kitu cha kawaida kabisa kwa mtu anayetoka shambani, amekula wanga wa gramu 150 kwa mlo mmoja. Mwambie mama apime gramu hizo za sukari kwenye sahani, vijiko vidogo 30 hivi, aone. Uji wa wimbi ndio hivyo hivyo, tena ukiwa wa kunywa hushuka tumboni haraka zaidi. Asali na sukari nguru nazo ni sukari, hata kama zimetengenezwa kijijini.

Mwilini mambo huenda hivi. Wanga wote, wa ugali, wa kiazi, wa chapati, huvunjwa ukawa glukosi na kuingia kwenye damu. Insulini ndiyo inayoiambia misuli na ini ziipokee. Katika kisukari cha aina ya pili kongosho bado inatoa insulini, ila misuli na ini, ambazo mara nyingi zimejaa mafuta, haziisikii vizuri. Ni kama ghala lililojaa: gunia jipya likija linabaki uani, na kila mvuno unazidisha magunia uani. Ukipunguza wanga unapunguza magunia yanayoletwa, na kongosho inapata nafasi ya kupumua. Hilo ndilo lililofanya mashine isome 8 siku ya tatu. Haukuwa uongo wala bahati. Baba yako ni mtu ambaye mwili wake unaitikia kupunguziwa wanga, na hiyo ni habari njema sana kwenu.

Kuhusu ile 13 ya asubuhi kabla ya kula: ugali wa jana usiku unachangia, lakini kuna na ini. Usiku ini hutoa glukosi ili ubongo usikose chakula, na alfajiri homoni za kuamka huliongezea kasi. Kwa asiye na kisukari insulini hulituliza. Kwa baba ini halisikii, linaendelea kumwaga. Ndiyo maana mtu anaweza kulala bila kula akaamka na 12, akadhani mashine imeharibika. Na ini hilo hilo ndilo jibu la hofu ya mama. Mwili unaweza kujitengenezea glukosi kutokana na protini na sehemu ya mafuta, hivyo mtu hafi wala haishiwi damu kwa kukosa ugali. Siku za kwanza anaweza kuhisi uchovu na kichwa kuuma, nyingi ya dalili hizo zikitokana na kukojoa maji na chumvi. Hupita.

Je, aache wanga wote kama yule wa kwenye video? Mimi sishauri. Wapo wanaokula chini ya gramu 50 kwa siku na kufanikiwa, wakiwa na daktari anayewafuatilia kwa karibu. Kwa mzee wa miaka 66 Nyakach, ambaye mama ndiye anayempikia na vijiti huisha, ningeanzia gramu 100 hadi 130 kwa siku. Hesabu hiyo bado inaitwa ulaji wa wanga kidogo, na ni chini ya nusu ya anachokula sasa akila ugali mara mbili. Chama cha Kisukari cha Marekani, katika waraka wake wa lishe wa mwaka 2019, kilieleza kwamba kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. Lakini niseme na upande wa pili: tafiti zinaonyesha faida kubwa katika miezi sita ya kwanza, halafu baada ya mwaka tofauti na ulaji mwingine hupungua, kwa sehemu kubwa kwa sababu watu hurudi walikotoka. Wanga kidogo anaouweza kwa miaka kumi utamsaidia kuliko wanga sifuri aliouweza siku nne.

Uzito nao una nguvu yake. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoa matokeo mwishoni mwa 2017, uliwapa watu wanene supu na vinywaji maalumu vya kalori chache kwa miezi kadhaa. Baada ya mwaka, karibu 46 kati ya kila 100 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa za sukari. Wote walikuwa wamegunduliwa katika miaka sita iliyotangulia, na hakuna aliyetumia insulini. Hukuniambia kama baba ana kitambi. Kama anacho, kila kilo inayotoka tumboni inamsaidia. Kama ni mwembamba, au anakonda huku akikojoa sana na kiu haimwishi, mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda kongosho imepungukiwa na insulini yenyewe. Mtu wa namna hiyo kumkatia wanga ni kumzidishia shida.

Daktari akishapanga dawa, anzeni na mlo wa usiku peke yake kwa wiki mbili. Watu husema "ugali ngumi moja", lakini ngumi ya mkulima ni kubwa, inaweza kupita gramu 60 za wanga. Nusu ya ngumi yake, ukubwa wa mayai mawili, ina gramu 30 hivi. Hiyo itoshe. Kinachojaza sahani ni mboga: managu, saga, kunde, mrenda, sukuma wiki, hizo ale mpaka ashibe. Kisha samaki au omena ambao hawana wanga kabisa, na kipande cha parachichi. Wiki hizo mbili zikipita, mchana mpeni nusu kikombe cha maharagwe, gramu 20 hivi za wanga ambazo sehemu yake ni nyuzinyuzi, na kiazi kitamu kidogo kilichochemshwa. Asubuhi mayai mawili na chai bila sukari, badala ya mkate au mandazi. Maziwa lala kikombe kimoja hayana neno. Pera moja ni sawa. Maji ya matunda hapana, hata yakikamuliwa nyumbani.

Kuna jambo dogo ambalo huharibu mipango mingi. Kwa mtu aliyekula kwa mkono maisha yake yote, ugali ndio kijiko. Ukimpunguzia ugali ukamwachia bakuli la mrenda, atauchota na nini? Ataomba kipande kingine, si kwa njaa, bali mboga imebaki. Basi mwekee kijiko kwenye sahani tangu mwanzo, na mboga zipikwe zikauke kidogo au ziungwe na njugu ili zishikike. Na aanze na mboga na samaki, ugali aumalizie mwisho. Chakula kile kile kikiliwa kwa mpangilio huo, sukari haipandi kwa kishindo.

Mama ataniuliza habari ya pesa, na ana haki. Unga hushibisha watu wengi kwa pesa kidogo, na nyama ya kila siku sipendekezi, si kwa mfuko tu bali hata kwa figo mpaka zipimwe. Omena, mayai, maharagwe na parachichi hupatikana soko la Sondu na la Katito, na mboga nyingi zinaota uani. Wewe unayetoka mjini wikendi, badala ya mikate miwili na soda ya familia, beba trei ya mayai na omena ya wiki kutoka soko la Kibuye. Omena ikaangwe kwa mafuta kidogo ya maji baada ya kuchemshwa, isiogelee.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Nimeona wazee wengi wakishindwa, na wachache sana walishindwa kwa sababu ya tamaa. Walishindwa kwa sababu walipikiwa sufuria yao ndogo ya mgonjwa, wakala pembeni huku wengine wakikata ugali unaofuka moshi. Msimpikie baba kivyake. Pikeni sufuria moja: mboga ziongezwe kwa nyumba nzima, ugali upikwe mdogo kwa wote wazima, na watoto wanaokua wakatiwe zaidi kwenye ugali huo huo. Sahani ya baba ije mezani ikiwa imejaa kama zamani, ila kilichojaza ni kingine. Na msimkataze mbele ya wageni wala wajukuu. Mtu anayeambiwa "wewe hiyo usiguse" mbele ya wakwe zake ataigusa makusudi, na mimi simlaumu. Kwenye matanga na harusi, ambako mzee hupewa soda kwa heshima, mtu mmoja wa nyumbani anong'one mapema na wanaogawa ili aletewe maji au chai kavu.

Usimletee mama amri kutoka Kisumu. Jikoni ni kwake, na amekaa na ugonjwa huu kila siku wakati sisi wengine tunaupigia simu. Mletee vijiti vinne na umwombe mpime pamoja: baba apimwe kabla ya chakula cha usiku na saa mbili baada ya kula, siku moja kwa ugali wa kawaida, siku nyingine kwa nusu ngumi na mboga nyingi. Siku mbili hizo zitamwonyesha mama zaidi ya maneno yangu yote, maana atakuwa ameziona namba kwenye mashine yake na kwa chakula alichopika mwenyewe. Tunatafuta isizidi 10 saa mbili baada ya kula, na asubuhi iwe kati ya 4 na 7 au karibu na hapo. Kwa mtu wa umri wake daktari anaweza kulegeza kidogo. Vijiti vikiwa ghali, msipime kila asubuhi kwa mazoea, vitunzeni kwa vipimo vya namna hii na kwa dharura. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu pia amewekewa mashine ya sukari katika ule mkoba waliopewa mwaka 2023. Mwulize kama ana vijiti.

Mkishaanza, rudini kliniki baada ya wiki mbili hadi nne, kwa sababu sukari ikishuka dawa huenda zikapunguzwa tena. Dawa ya shinikizo la damu, kama anaimeza, nayo iangaliwe, maana presha pia hushuka. Kama daktari atampa dawa za jamii ya dapagliflozin au empagliflozin, mkumbusheni kwamba baba anakula wanga kidogo. Dawa hizo zikikutana na wanga kidogo sana zinaweza kujaza damu asidi hata mashine ikisoma namba nzuri. Na msingoje kliniki akitapika na kushindwa kula, akipumua kwa nguvu, sukari ikikaa juu ya 15 akiwa mgonjwa, au akipata kidonda mguuni hata kile kisichouma. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa zaidi.

Siku ya kumpeleka baba, nawe upimwe hapo hapo kabla ya kunywa chai. Mtoto wa mwenye kisukari cha aina ya pili yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na ndugu zako waambie hivyo hivyo.